Tarishi Hakai

Kama kulikuwa na mtu mjini Mwanza aliyelipenda jina la kazi yake kuliko kazi yenyewe, basi alikuwa Venant Mayala wa Pasiansi. Wenzake pale ofisini, wale wa kubeba mafaili na kupeleka barua, waliitwa mesenja na wakaitika. Venant hakuitika. Ukimwita mesenja alikupita na mkoba wake wa ngozi kana kwamba umemwita mtu aliye nyuma yake, mpaka ukumbuke kusema tarishi. Hapo ndipo aliposimama, akanyoosha shingo, akauliza kwa heshima zote kama kuna barua ya kwenda. Hata leo akisimulia habari zile huanza na hiyo shingo. Anainyoosha ili muione ilivyokuwa, halafu anacheka mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya shirika moja la umma lililoshughulika na pamba. Venant aliingia pale kijana, akapewa baiskeli, sare ya kaki na kitabu cha dispachi, yaani kile kitabu ambacho anayepokea barua hutia saini kuthibitisha kwamba imemfikia. Mtu mwingine angeshukuru kwa baiskeli. Yeye alishukuru kwa neno. Aliwaambia watu kwamba tarishi ni neno la Kiarabu, na hapo alikuwa sahihi. Matatizo yalianza alipoendelea. Alisema matarishi walikuwa watu wa masultani, kwamba milango ya miji ilifunguliwa wakipita, kwamba walisimama mbele ya wafalme bila kupiga goti. Alisema pia kwamba tarishi hakula wala kunywa katika nyumba aliyotumwa, asije akatiwa sumu na maadui wa bwana wake. Siku moja alikwenda Bujora kutazama ngoma, akamkamata mtembeza wageni wa makumbusho na kumsomesha habari hizo mpaka wageni wenyewe wakatangulia kutoka.

Ukimuuliza amezitoa wapi, alijibu kwamba ni historia.

Kutokana na historia hiyo alijitungia kanuni. Tarishi hakai. Tarishi hali. Tarishi hadadisi. Anafikisha, anasainiwa, anaondoka. Alizishika kanuni hizo kuliko alivyozishika za kanisani, na mkewe, Modesta, alimwambia hivyo mara nyingi. Alifika kwenye nyumba za wakubwa siku ya Krismasi akasimama mlangoni kama nguzo huku watu wakimsukumia sahani. Alifika kwenye ubarikio wa mtoto wa meneja, pilau inanukia hadi barabarani, tumbo linamsuta, na akasema asante, niko kazini. Wenzake walikunywa chai kila walikopita na wakarudi na habari za mji mzima. Yeye alirudi na saini.

Kisha dunia ikabadilika bila kumwuliza. Ilikuwa miaka ile ya vyama vingi na biashara huria, mitumba imejaa sokoni, viwanda vya minofu ya sangara vimeota ufukweni, na mashirika ya umma yanapunguza watu kama mkulima anayepalilia. Pale ofisini ilikuja mashine ya faksi. Venant alikwenda kuiangalia siku ya kwanza. Karani wa masijala aliingiza karatasi upande mmoja, mashine ikanung'unika, na karani akatangaza kwamba barua imeshafika Dar es Salaam. Venant akauliza nani ameipokea na saini yake iko wapi. Karani akamwonyesha kipande cha karatasi kilichotoka chenyewe. Venant alikitazama kwa muda mrefu na hakuona hata herufi moja iliyoandikwa kwa mkono wa mtu.

Haukupita muda akaitwa na afisa utumishi, akaambiwa nafasi yake imefutwa. Alijibu kwa kumweleza asili ya neno tarishi. Afisa yule alikuwa mtu mwema, akamsikiliza mpaka mwisho wa masultani wote, kisha akamsogezea barua ya kupunguzwa kazi na kumwomba asaini kwamba ameipokea. Venant akasaini. Alikuwa amewasainisha watu miaka yote hiyo bila kujua kwamba mkono wa anayesaini unaweza kuwa mzito namna ile.

Alirudisha baiskeli. Sare alibaki nayo kwa sababu hakuna aliyeitaka, na kitabu cha dispachi kilibaki kwenye mkoba kwa sababu hiyohiyo. Asubuhi aliendelea kuvaa kaki na kutoka. Modesta alijua mumewe hana pa kwenda, akamwacha, maana alimwonea huruma na pia alitaka nyumba iwe wazi afagie.

Sasa, Venant alikuwa na rafiki aitwaye Mihayo Mashimba, jirani yake wa Pasiansi, zamani dereva wa shirika lilelile. Mihayo hakungoja kupunguzwa. Alihama mapema akaenda kuendesha gari la barafu la kiwanda kimoja cha minofu, akamwombea kazi hapohapo mwanawe, Jonathan. Huko Jonathan akakutana na Annet Rweyemamu, karani, Mhaya, msichana wa maneno machache ambaye akisema jambo halirudii. Wakapendana. Baba yake Annet, Mwalimu Muganyizi Rweyemamu, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyehamia Sengerema, ng'ambo ya pili ya maji, na alijulikana kwa kuwarudisha wachumba wa binti zake kama madaftari yenye makosa. Tayari kulikuwa na familia moja ya huko kwao Kagera iliyoonyesha nia. Annet alimwambia Jonathan waziwazi: baba atausikiliza ujumbe wa kwenu kwa moyo mweupe, ila akikataa, mimi simvunjii baba yangu heshima.

Ndoa yote ya wale vijana, kwa hiyo, ilikuwa juu ya mshenga. Mihayo akafikiria nani amtume. Alikuwa na ndugu wenye maneno, lakini walikunywa. Alikuwa na wengine wasiokunywa, lakini hawakuwa na maneno. Mwisho akavuka uchochoro akamkuta Venant amekaa kibarazani na sare yake, hana kazi, na shingo imelegea.

"Bhebhe, wewe Venant," alimwambia kwa Kisukuma chao. "Miaka yote unatuambia matarishi walisimama mbele ya masultani. Basi nenda ukasimame mbele ya Mwalimu Rweyemamu."

Kuna watu ambao sifa huwalewesha kuliko pombe. Venant alisimama palepale. Mihayo alimshauri amchukue mtu wa kufuatana naye, maana mshenga haendi peke yake, na wazee wa Kihaya wana taratibu zao. Venant akakataa. Tarishi huenda peke yake. Mihayo akataka kumweleza jambo kuhusu kubembeleza, na kuhusu kukaa mpaka watu wenyewe wakuruhusu uondoke. Venant akamwambia asihangaike, kazi ya kufikisha ujumbe asifundishwe na dereva. Usiku huo Modesta alipiga kaki pasi ya mkaa huku akiuliza kama mshenga anavaa sare, na mumewe akamwambia huyu si mshenga wa kawaida.

Asubuhi akapanda kivuko cha Kamanga, akasimama wima njia nzima mpaka ng'ambo, japo nafasi za kukaa zilikuwepo. Sengerema alifika jua limeanza kuwaka. Nyumba ya Mwalimu haikumpa taabu kuipata, ilikuwa na migomba mbele na maua yaliyopangwa kwa mistari. Walikuwa wanamsubiri. Sebuleni walikaa Mwalimu mwenyewe, dada yake aitwaye Kemilembe aliyekuja kwa ajili ya siku hiyo, na wazee wengine wa ukoo. Kiti cha mgeni kiliwekwa katikati, kimetandikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa.

Venant hakukitazama. Alisimama mlangoni, visigino pamoja, akaamkia, akatamka ujumbe wake kwa sauti ya ofisi. Alisema anatoka kwa Bwana Mihayo Mashimba wa Pasiansi, Mwanza. Alisema bwana huyo anaomba binti yao Annet aolewe na mwanawe Jonathan. Alisema jibu linaweza kupelekwa kwa anuani hiyohiyo. Watu walitazamana. Mwalimu akamwambia karibu, kaa kwanza, mgeni wetu. Venant akasema asante, niko kazini.

Wakati huo Annet alitoka chumbani. Alikuwa amevaa vizuri, amefunga kitambaa kichwani, na mikononi amebeba kikapu kidogo chenye punje za kahawa, zile zinazochemshwa na maganda yake na kukaushwa kwa ajili ya kutafuna. Kwa Wahaya mgeni hupewa hizo kabla ya jambo lolote. Akizitafuna, amekuwa mtu wa nyumba, maneno yanaweza kuanza. Annet akapiga magoti mbele ya yule tarishi na kumnyooshea kikapu.

Na Venant Mayala, mtu mzima, baba wa watoto, akamtazama binti ambaye yeye mwenyewe alitumwa kumposa, akamwambia: "Asante, binti. Kanuni haziruhusu."

Kisha akatoa kitabu cha dispachi. Alikifungua ukurasa mpya, akachora mistari papo hapo, akamsogelea Mwalimu na kumwomba asaini kwamba ujumbe umepokelewa. Mwalimu Rweyemamu alikuwa amefundisha watoto kusaini majina yao kwa miaka mingi, na mkono wake ulisaini kabla kichwa hakijaamua. Venant alihakikisha tarehe ipo, akashukuru, akageuka. Nyuma yake hapakusikika neno. Yeye aliuchukulia ukimya ule kuwa heshima.

Alirudi Pasiansi kifua mbele. Mihayo, mkewe na Jonathan walimsubiri uani, na Jonathan hakuweza hata kukaa. Mihayo akauliza wamesemaje. Venant akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye saini.

"Wamesaini," alisema.

"Nimekuuliza wamesemaje."

"Umefika, Mihayo. Ujumbe umefika. Saini hii hapa."

Mihayo aliitazama ile saini, akamtazama rafiki yake, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu. Aliuliza kama walimkaribisha. Venant akasema sana, hata kahawa walitaka kumpa. Aliuliza kama alikaa. Hapo Venant akaeleza kanuni. Mke wa Mihayo akajifunika mdomo kwa khanga na kuingia ndani.

Habari kamili ililetwa na Annet mwenyewe Jumatatu alipokuja kazini. Nyumba yao ilijiona imeletewa hati ya mahakama. Kemilembe alisema kama watu hawa wanaogopa kahawa yetu, watakulaje chakula cha mtoto wetu akipika? Wazee waliuliza kama Wasukuma wa Mwanza wanaoa kwa kuandikishana. Siku iliyofuata Mwalimu akasema wale wa Kagera waje. Annet alimweleza Jonathan hayo yote akiwa mkavu wa macho, halafu akarudi mezani kwake kupiga chapa.

Jonathan alikwenda kwa Venant jioni. Venant alitegemea matusi, na angeyapenda, maana matusi angepata la kuyajibu. Kijana hakumtukana. Alimwamkia shikamoo kama kawaida, akakaa kwenye kibaraza kile, akainamia viatu vyake. Kisha akasema, "Baba mdogo, alikupigia magoti yeye mwenyewe. Ulimwona?" Venant akasema alimwona. Jonathan akaaga akaondoka. Venant alibaki pale akiwa na aibu ambayo hakuwahi kuionja. Aliingia ndani akamweleza Modesta, akitumaini kwamba mkewe atasema makosa ni ya mila za watu. Modesta aliacha kuchagua mchele.

"Umekataa kahawa mkononi mwa bibi harusi?" aliuliza.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kuomba radhi. Venant, kwa ukaidi wake, alikwenda kwanza kutafuta ushahidi. Alikuwa na hakika kwamba kanuni ni sahihi, na kwamba akipata mtu wa kumthibitishia asili ya neno, atakwenda Sengerema kumwelimisha Mwalimu. Na mtu huyo alikuwepo. Mjini palikuwa na mzee Mwarabu wa Kimanga aitwaye Khelef, mwenye duka la vitambaa lililokuwa la baba yake na la babu yake. Kwa kweli asili ya masultani wote wa Venant ilikuwa pale dukani. Zamani, katika mwezi wake wa kwanza kazini, alipeleka barua pale, na mzee Khelef wakati anasaini alimwambia, kijana, neno lako hilo limetoka kwetu Omani, mababu zetu walikuwa na matarishi, kaa nikueleze. Venant akasema asante, niko kazini. Akachukua kitabu chake na kuondoka na lile neno Omani peke yake, na masafa yote yaliyobaki akayajaza mwenyewe juu ya baiskeli.

Sasa alirudi. Mzee Khelef alikuwa amezeeka sana, anakaa nyuma ya kaunta na bakora, mjukuu wake anauza. Venant alisimama mlangoni akauliza swali lake akiwa amesimama. Mzee akamwambia hasikii vizuri, na kwamba anayetaka jibu aje akae. Hapakuwa na kazi ya kumkimbiza. Alikaa. Akaletewa kahawa chungu katika kikombe kisicho na mkono na tende mbili, na kwa mara ya kwanza akanywa katika nyumba aliyoiendea akiwa na shida. Hakufa. Mzee akamjazia tena.

Kisha akamweleza, taratibu, akirudiarudia kama wazee wanavyofanya. Alisema hakumbuki sultani yeyote katika habari hizo. Babu yake alipokuja bara kutoka Omani alizoea kumwita tarishi mtu yeyote aliye njiani, msafiri tu, mwenye ngamia au asiye na ngamia. Kule jangwani kwao hapakuwa na posta. Mtu akitokea kwenye mahema, hata awe mgeni kabisa, alikalishwa, akapewa tende na kahawa, na hakuna aliyemwuliza neno mpaka anywe. Ndipo wakasema, haya, lete habari. Akasema ya alikotoka, nao wakampa zao, akaondoka nazo kwa wengine. Polepole, mzee alisema, msafiri akawa ndiye mjumbe, maana hapakuwa na mjumbe mwingine. Baadaye serikali ikalichukua neno ikalivisha sare.

Venant aliuliza kwa sauti ndogo ingekuwaje kama tarishi angekataa kahawa.

Mzee Khelef alilifikiria jambo hilo, maana halikuwahi kumjia akilini. "Wangejua amekuja na vita," alisema.

Njiani kurudi Pasiansi Venant alitembea kwa miguu, na njia nzima alikuwa akijitukana, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma pale Kiswahili kilipokuwa laini mno. Alijiona alivyo: mtu aliyejigamba kwa neno maisha yake yote na hakukaa hata dakika kulisikiliza. Mafaili ameyabeba, barua ameziwasilisha, na kila mlango aliofunguliwa aliufunga mwenyewe akidhani ndiyo hadhi. Alicheka, na mama mmoja aliyekuwa akikaanga dagaa kando ya njia akamtazama kwa wasiwasi.

Jumamosi alivuka tena. Hakumuaga mtu zaidi ya Modesta, kwa kuwa Mihayo asingemruhusu. Alivaa shati la kanisani. Kitabu alikiacha. Kwenye kivuko alitafuta nafasi akakaa kati ya mwanamke mwenye kuku na mzee mwenye redio, akawauliza habari za huko watokako, wakamweleza nyingi kuliko alizohitaji.

Mlango ulifunguliwa na Kemilembe. Alimtambua mara moja. Alimwuliza kama amesahau kumsainisha mtu fulani. Venant akaamkia, akasema amekuja kuwaona kama watamruhusu. Kemilembe akamwonyesha kigoda barazani akaingia ndani. Alikalia kigoda hicho mpaka kivuli cha migomba kikahamia upande wa pili. Watu walipita wakiingia na kutoka. Hakuna aliyemletea kitu, na alijua ni haki yake.

Hatimaye Mwalimu alitoka, akaketi kwenye kiti mbele yake, akangoja. Venant alikuwa ametunga hotuba. Ilimpotea yote.

"Waitu, Mwalimu," alisema, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee la heshima la Kihaya alilolijua, "ile kahawa niliyoikataa, nimeifuata."

Halafu akaeleza. Hakujitetea. Alianza na shingo, akaenda kwenye masultani, akaenda kwenye pilau ya meneja na kanuni alizojitungia juu ya baiskeli. Akasimulia faksi ilivyonung'unika na yeye alivyoiulizia saini. Alipofika kwa mzee Khelef na habari ya vita, kicheko kilitoka dirishani, na ikawa ni Kemilembe aliyekuwa akisikiliza ndani muda wote. Mwingine akacheka nyuma yake. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akimsikiliza kwa uso wa mtu anayesahihisha insha.

"Kwa hiyo ulipokuja hapa na sare," aliuliza, "ofisi ilikuwa imekwisha kukuondoa?"

"Ilikuwa imenifuta, Mwalimu."

"Basi zile kanuni ulizotuambia haziruhusu, zilikuwa za nani?"

"Zangu," alisema. "Sikuwa na kitu kingine kilichobaki."

Mwalimu aliinuka akaingia ndani. Sauti zilisikika, za Kihaya, zikipanda na kushuka, na ile ya Kemilembe ikipanda zaidi. Baadaye Annet akaja na kikapu. Hakupiga magoti safari hii, na Venant hakutegemea. Alichukua punje kwa mikono miwili, akazitafuna. Zilikuwa chungu na ngumu kwa meno yake ya utu uzima, na hakuacha hata ganda. Wakamwita ndani, wakamkalisha, na Mwalimu akasema haya, tupe habari za nyumba ya Mihayo. Akawapa. Aliwaambia Mihayo ni mkali kwa gari na mpole kwa watu. Aliwaambia mama yake Jonathan ana sauti ya kuimba ila hapendi kuombwa aimbe. Kuhusu kijana alisema kwamba alipokosewa na mzee mzima alimwamkia kwanza, na hapo Annet, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, akatazama pembeni. Waliuliza mengi, wakamwuliza mengine mara mbili, wakamkatiza, wakacheka. Venant alijibu yote bila haraka, akishangaa kwamba kazi yake ilikuwa na utamu huu na yeye hakuwahi kuujua.

Jua lilipokuwa linashuka Mwalimu akamwambia jibu lipo.

"Lishike kama nitakavyolisema. Mwambie Mihayo tumekubali. Jonathan ni mtoto wetu, wale wengine tutawaambia wasije. Lakini washenga wa safari ijayo wawe watu wengine. Venant Mayala tumemsamehe, ila asimlete tena katika jambo hili. Siku ile alimfedhehesha mwanangu mbele ya wazee, na sitaki Annet amwone tena akileta maneno ya posa yake." Akanyoosha kidole. "Rudia."

Venant alirudia, neno kwa neno. Mwalimu akasema sawa, nenda usije ukakosa kivuko.

Alipata nafasi upande wa ziwa. Mwanza ilikuwa inakaribia na mawe yake, na yeye alikuwa na furaha na maumivu kwa pamoja mpaka hakujua ashike lipi. Vijana wataoana. Hilo lilikuwa limekwisha. Lakini alijua pia mshenga hupewa nini: kiti cha mbele siku ya mahari, na siku ya harusi kutajwa jina lake mbele ya watu wote na kupigiwa vigelegele. Sasa hivi ndipo angeifanya kazi hiyo vizuri. Angekaa, angekunywa, angedadisi mpaka wamchoke. Na nani angejua? Mwalimu hakuandika chochote. Sehemu ya kwanza ya jibu ilitosha kabisa, ilikuwa nzuri, ilikuwa ya kweli, mtu angeweza kuishia hapo bila kusema uongo hata mmoja. Alijaribu kulitamka likiwa limekatwa. Lilitamkika vizuri. Aliendelea kulijaribu mpaka kivuko kikagonga gati.

Uani kwa Mihayo walikuwa wanakula. Mihayo alimwona, akaacha tonge, uso haujaamua kama umfukuze. Venant akaomba kiti. Alikaa, akapokea maji aliyopewa, akayanywa yote, akasema ametoka Sengerema kwa Mwalimu Rweyemamu na ana jibu.

"Wamekubali," alisema. "Jonathan ni mtoto wao."

Mama yake Jonathan, yule asiyependa kuombwa aimbe, alipiga kigelegele ambacho kiliwatoa majirani nje. Jonathan alimkumbatia Venant pamoja na kiti chake. Mihayo alimshika mkono akiutikisa na hakuuachia, akiwaambia majirani huyu, huyu ndiye mshenga wangu, mlimwona wapi mtu kama huyu, siku ya harusi atakaa mbele kuliko mimi. Watu wakamshangilia. Hakuna aliyeuliza kama kuna neno jingine.

Venant aliwaacha wamalize. Kisha akauondoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa rafiki yake, akamwambia Mihayo bado hajamaliza, akae asikilize. Akayatamka maneno ya Mwalimu yaliyosalia, yote, kama alivyoyarudia kule sebuleni kwa Mwalimu, na sauti yake haikutetemeka mpaka ilipofika kwenye jina lake mwenyewe.